Bwana Shamba Anajibu: Zabibu zimeozea shambani, ning'oe nipande alizeti?

SWALI: Shikamoo bwana shamba. Niko Mpunguzi huku Dodoma, marehemu baba aliniachia eka moja ya zabibu, ile nyekundu ya Makutupora. Msimu uliopita nilipogolea mwanzoni mwa mwezi wa 11, zikabeba mpaka waya zinalegea, nikajua mwaka huu natoka. Zinaanza kuiva tu mvua ikagoma kukatika, nyingi zikapasuka zikaoza, na zile nilizookoa mnunuzi akapima akasema sukari haijafika, akanilipa bei ya kutupa. Kaka zangu wanasema ning'oe niweke alizeti. Naomba ushauri.
*Binti wa Mpunguzi*

JIBU: Marahaba binti yangu, na pole sana. Nakuomba usiing'oe. Anayepanda mche leo anasubiri kama miaka miwili ndo aone zabibu za maana, na wewe umeachiwa shamba linalozaa tayari. Shida naiona kwenye tarehe uliyoshika mkasi.

Kule Italia na Ufaransa baridi ndo inaulaza mzabibu, majani yanapukutika, joto likirudi unaamka wenyewe, basi wanavuna mara moja kwa mwaka. Kwetu hakuna baridi ya kuulaza hivyo, mzabibu unaamka ukiukata, ndo maana Dodoma tunavuna mara mbili. Toka kupogolea mpaka kuvuna weka kama miezi minne. Hesabu sasa: umekata mwezi wa 11, umevuna wa 3, na mvua za Dodoma ni mwezi wa 12 mpaka wa 4, kwahiyo zabibu zako zimechanua mvuani, zimekua mvuani na zimeiva mvuani. Punje inakunywa maji inavimba, sukari iliyomo inazimuliwa, ganda linapasuka, ukungu unapata mlango.

Wengi wanapenda mavuno ya mvua kwa sababu maji ni ya bure, na siwalaumu, kisima siyo hela ndogo. Lakini kama una namna yoyote ya kupata maji, hata ya matone, zao lako kubwa liwe la kiangazi, pogolea mwishoni mwa mwezi wa 4 au wa 5 uvune wa 8 au wa 9, jua linawaka, hewa kavu, ugonjwa unapungua. Ikibaki wiki mbili kuvuna punguza maji. Usiogope majani yakinyong'onyea kidogo mchana, hapo punje inakusanya sukari.

Halafu hilo la waya kulegea, hapo ndo panaponiuma maana wakulima wengi tunalifurahia. Mti mmoja ukibeba vichane vingi kuliko majani yake yanavyoweza kulisha, sukari ile ile inagawanywa kwa wengi na kila punje inapata kidogo. Ukipogolea acha macho mawili (vile vifundo vinavyochipua) kwenye kila kitawi, na vichane vikishatoka ondoa vilivyobanana, vingali vidogo. Najua mkono utakuwa mzito, ila mnunuzi wa waini anapima sukari, kwa sababu hamira inakula sukari ndo inatengeneza kilevi. Zabibu yenye Briksi 22 (Briksi ndo kipimo cha sukari) inatoa waini ya kama asilimia 12, ya 16 haifiki hata 9. Na zabibu siyo ndizi binti yangu, ukishaikata haiivi tena hata uifunike wiki nzima, kwahiyo usivune kwa kuangalia rangi, tafuteni kipima sukari hata mkichanga watu watano, kinapimia tone moja tu la maji yake.

Dawa: ubwiri unga (ule kama vumbi jeupe) unatibiwa kwa salfa, ila usipulize jua la mchana, inaunguza majani, na acha kabisa mavuno yakikaribia maana salfa ikiingia kwenye pipa waini inanuka yai viza. Ule wa mvua unaoweka unyoya chini ya jani unataka dawa ya shaba, na ipulizwe kabla haujaingia.

Kabla hujashika mkasi tena, nenda kwa mnunuzi umuulize atapokea mwezi gani na anataka Briksi ngapi, akikujibu ndo urudi nyuma miezi minne upange siku ya kupogolea. Muulize pia kama ananunua mchuzi wa zabibu, yaani maji yake yaliyokamuliwa na kuchachushwa, maana zabibu mbichi siku mbili tatu kwenye joto imeharibika, ila mchuzi kwenye tenki safi unakupa nafasi ya kusubiri bei. Na pale TARI Makutupora, kituo cha utafiti wa kilimo, barabara ya Arusha, kuna wataalamu wa zabibu, nenda na majani yako yenye ugonjwa wakuangalizie.

SWALI: Bwana shamba mambo, mimi niko Tanga mjini, nataka eka mbili za zabibu za waini, inawezekana?
*Msomaji, Tanga*

JIBU: Poa kijana wangu. Mti utaota na utabeba, ila unyevu wa pwani ni chakula cha ukungu, utapuliza dawa mpaka faida iishe. Panda miti miwili mitatu kwenye kichanja nyumbani ule na watoto, hizo eka mbili weka michungwa.