Uliza Fundi wa Matanki: Tumbawe gumu linakula chokaa kila siku

SWALI: Shikamoo anko. Mi mzaliwa wa Tanga ila naishi Leicester, Uingereza, mwaka wa sita sasa. Nimefuga samaki wa maji baridi mpaka nimewachoka, sasa nimepata tanki la mtumba la sentimita 120 kwa 60, kina 50, nataka kukuza matumbawe magumu, yale ya matawi kama pembe tuliyokuwa tunayaona maji yakitoka. Dukani wameniambia ninunue kwanza taa ya bei mbaya, vingine vitafuata. Mke wangu yeye anauliza tu kama sakafu itabeba. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba mpwa wangu. Mkwe wangu kauliza swali la maana kuliko hilo duka. Tanki lako ni lita 360, yaani maji peke yake kilo 360, ukiweka na vioo, mawe, kabati na lile tanki la chini la kuchujia unapita nusu tani bila wasiwasi. Kama ni chini kabisa kwenye zege, sawa. Kama ni ghorofani na sakafu ya mbao basi liegemee ukuta unaobeba nyumba, likatize boriti zinazobeba sakafu badala ya kukaa juu ya boriti moja au mbili, na umwite fundi aangalie kabla hujamwaga hata ndoo moja.

Sasa hiyo taa. Taa unahitaji kweli, maana ndani ya nyama ya tumbawe kuna mwani mdogo mno usioonekana kwa macho na ndio unaompikia, bila mwanga hakuna jiko. Lakini taa nzuri ya mtumba ipo kila siku, watu wanaacha huu mchezo kila mwezi. Kinachowashinda wengi ni kitu kingine kabisa ambacho duka halikukwambia, labda kwa sababu ni cha bei rahisi: tumbawe gumu ni mwashi, anajenga nyumba ya mawe usiku na mchana, na mwashi asipoletewa vifaa anasimama, akiletewa vingi kwa mpigo anakufa. Vifaa vyenyewe ni kalisi na alkaliniti, yaani kabonati iliyoyeyuka majini.

Baharini kalisi iko kama 420 kwa milioni, alkaliniti kama 7 kwa kipimo cha dKH, madini ya magnesi karibu 1,300. Tanki lako nalo likae humo humo, alkaliniti 7 hadi 9, chagua namba moja uishike. Tanki la lita 360 lililojaa matumbawe yanayokua vizuri linaweza kula dKH 1 kwa siku, ukipiga hesabu hiyo ni kama gramu 6 na nusu za jiwe KILA SIKU, zimetoka kwenye maji zikawa tawi. Sasa mtu hajaweka mpango wowote wa kuzirudisha, wiki mbili baadaye anashangaa ncha zimepauka, analaumu taa.

Njia ninayoipenda mimi ni ya kizamani, maji ya chokaa. Ndiyo, chokaa, ile ile tuliyokuwa tunachoma matumbawe huko pwani tupate kupaka nyumba, hapa unairudisha kwa mwenyewe. Ila usije ukachota kwenye mfuko wa kupakia ukuta! Nunua ile safi ya daraja la chakula, gramu 1.5 kwa lita ya maji ya RO, yaani yaliyosafishwa kwa mashine ya kuchuja chumvi na uchafu, vaa glovu na miwani maana inaunguza macho vibaya. Tanki lako litapoteza maji kwa mvuke lita 3 au 4 kwa siku, badala ya kujazia maji matupu unajazia hayo ya chokaa, taratibu sana na hasa usiku pH (kipimo cha uchachu wa maji) ikiwa imeshuka, maana chokaa inaipandisha, na hizo lita 3 na kidogo zinafidia ile dKH 1 karibu yote. Matumbawe yakizidi kukua na chokaa ikashindwa ndipo ununue pampu za dozi, kalisi chupa yake, alkaliniti chupa yake.

Nikupe na kisa changu usirudie. Nilikuwa naishi Dubai, nina pipa la lita 20 la maji ya chokaa na floti ya kufungulia pampu, konokono mmoja kaamka usiku kapanda akakaa juu ya floti, pampu ikabaki inasukuma. Asubuhi naingia sebuleni maji meupe kama tui la nazi, siwaoni hata samaki, pipa tupu. Kufika jioni matawi yalikuwa yanachunika nyama kama ngozi ya mtu aliyeungua, mawe meupe matupu yamebaki, miaka miwili ya kazi. Tangu siku hiyo chombo changu cha chokaa hakizidi lita 5, hata ikimwagika yote kwenye tanki kama lako alkaliniti haipandi hata 2, na pampu iko kwenye taima. Na konokono nimewazibia njia kwa wavu.

Kujua tanki linakula kiasi gani, pima alkaliniti leo saa mbili usiku, usiongeze kitu chochote, kesho saa ile ile pima tena, tofauti ndiyo posho ya siku. Matumbawe yakiongezeka pima upya.

Mengine kwa kifupi. Maji ya bomba usitumie, yana naitreti, fosfeti na wakati mwingine shaba ya mabomba, tafuta mashine ya RO yenye DI, kile kichujio cha mwisho kinachoondoa madini yaliyobaki. Chumvi 35 kwa elfu, joto 25 hadi 26. Mkondo wa maji uwe mkali na unaobadilika badilika, tumbawe la matawi halipendi maji yaliyolala. Mawe yaache na bakteria wiki 4 hadi 6 mpaka amonia na naitraiti zisome sifuri, halafu weka samaki wachache, halafu miche migumu kufa kama montipora na stylophora, akropora, yale ya matawi kama pembe unayoyataka, ngoja nusu mwaka. Najua hutangoja.

SWALI: Mambo fundi. Mi niko Nyali, Mombasa, bahari iko mlangoni. Kwa nini nihangaike na chumvi ya dukani, si nachota maji na matumbawe humo humo?

JIBU: Poa. Maji chota, ila maji yakijaa, mbali na mitaro, na si msimu wa masika. Tumbawe hai usiling'oe, ni kosa Kenya na Tanzania pia, tena matumbawe magumu yote yako kwenye Kiambatisho cha II cha CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini) hivyo hata kuyavusha mpaka kunataka vibali. Tafuta mche uliokuzwa kwenye tanki, wenye karatasi zake. Tena wewe shida yako si maji, ni joto. Nyumba isiyo na AC mwezi wa tatu tanki linapita 30 na tumbawe linapauka kama lilivyopauka pwani nzima mwaka 1998, kwa hiyo weka pesa ya chila, mashine ya kupoza maji, kabla ya taa. Na pampu ya hewa ya betri, maana stima ikipotea usiku maji yakisimama hewa inakwisha, wanakufa samaki kwanza.

SWALI: Niko Maskati. Kangaja, kitatange na kikande wanakaa na matumbawe?

JIBU: Kangaja anakaa, tena anakusaidia kula mwani, ila ni muogeleaji, tanki la sentimita 120 ndio mwanzo kwa wale wadogo wadogo tu. Kitatange ni bahati nasibu, leo mpole kesho anadonoa. Kikande hapana, atakula konokono wote akimaliza atageukia matumbawe. Ingawa yule konokono wangu wa Dubai ningempa kikande mimi mwenyewe kwa mkono wangu.