Bruchi ya kale? Igeuze kwanza

Ukipewa bruchi ya kale, yaani pambo lenye pini la kubania vazi, uikadirie umri, usianze na nakshi. Igeuze. Ndilo neno la kwanza ninalomwambia kila anayekuja kujitolea nasi huku Uingereza, kuorodhesha vitu vinavyookotwa mashambani. Nakshi huigwa, na mara nyingi imeshalika. Namna pini ilivyofungwa haidanganyi kirahisi.

Chukua za Kirumi. Aina ya Colchester springi yake imevutwa na kusokotwa kutoka kwenye shaba ileile ya mwili, kipande kimoja, na nyingi ni za nusu ya kwanza ya karne ya 1. Ukiona springi ni kipande cha pekee kilichopachikwa, umeshasogea mbele kidogo kwa wakati. Ukikuta bawaba badala ya springi, angalia kichwani, yaani ncha ilipofungwa pini: huenda ni Aucissa, aina iliyozagaa na jeshi lililovamia Uingereza mwaka 43 BK. Baadhi zimeandikwa AVCISSA kwa herufi ndogo mno. Kulisoma jina hilo kwa lenzi, baada ya miaka karibu elfu mbili, ni raha yake pekee!

Za Waanglo-Saksoni, watu wa Kijerumani waliohamia Uingereza baada ya Warumi, zenye umbo la msalaba, karne ya 5 na 6, zinataka subira zaidi. Vitazame vifundo vitatu vya kichwani. Katika zile za mwanzo ni mviringo kamili, na vya pembeni vilitengenezwa peke yavyo vikachomekwa. Baadaye vikawa bapa nyuma, vikasubiwa pamoja na kichwa, mpaka bruchi nzima ikajaa sura za wanyama. Hapo sasa nakshi ina la kusema, nawe linganisha na mitindo ya wanyama aliyoipanga mwanaakiolojia wa Uswidi Bernhard Salin mwaka 1904.

Umri wa bruchi lakini si umri wa kaburi. Bruchi za Kirumi hukutwa katika makaburi ya Waanglo-Saksoni, karne kadhaa baada ya kutengenezwa. Kitu kipya kuliko vyote mle ndani ndicho kinachokwambia kaburi si la kabla ya hapo.

Na tafadhali, weka chini mswaki wa kusafishia. Pini nyingi za Waanglo-Saksoni zilikuwa za chuma, na ile kutu ya nyuma huhifadhi alama za nyuzi za vazi lililobanwa. Mulika taa kwa ubavu, piga picha, kisha andika nyuzi zimesokotwa kuelekea upande gani.