Waligombania ubatizo, au walibishania?

SWALI: Naandaa somo la historia ya Kanisa la Marafiki (Wakweka) hapa Kaimosi. Nimeandika: "Katika karne ya 17 Wabaptisti na Wakweka wa Uingereza waligombania ubatizo." Mwenzangu anasema kitenzi hicho hakifai. Nani yuko sahihi?

JIBU: Mwenzako. Tafadhali irekebishe sentensi hiyo kabla ya kuisoma mbele ya watu, maana inapotosha historia yenyewe. Anayegombania kitu anakitaka. Watoto hugombania mpira, ndugu hugombania shamba. Hata tunapoonywa tusigombanie fito ilhali twajenga nyumba moja, fito hizo kila mjenzi anazitaka mkononi mwake. Je, Wakweka waliyataka maji? Hata tone! Wabaptisti walimzamisha majini aliyeamini. Wakweka wakashikilia kwamba ubatizo wa kweli ni wa Roho, ndani ya mtu. Mmoja ameshika, mwingine ameacha, watagombania nini?

Andika "walibishania ubatizo". Kubisha ni kukataa neno la mtu, na hapa kila upande ulikataa la mwenzake. "Waligombana" si kosa la sarufi, ila msomaji atasikia hasira kabla ya hoja.

Ukifika kwa John Bunyan, tumia "walijibizana". Mwaka 1656 mhubiri huyo wa Bedford alichapisha kitabu chake cha kwanza, akiwapinga Wakweka: aliona kwamba kwa kuhubiri Nuru iliyo ndani ya kila mtu, wanamweka kando Kristo aliyezaliwa na Mariamu akafa msalabani. Edward Burrough, Mkweka kijana, akamjibu kwa kitabu mwaka uleule. Mwaka 1657 Bunyan akalijibu jibu. Kujibizana kunabeba zamu hizo, huyu akitua kalamu yule anaishika. Kubishana hakuzionyeshi.

Nawe usiishie hapo, nakusihi. Bunyan alifungwa mwaka 1660 kwa kuhubiri bila kibali. Mwaka 1672 Wakweka waliwaombea wafungwa wao msamaha kwa Mfalme Charles wa Pili, na Mkweka George Whitehead akawashauri watu wa madhehebu mengine waombe majina yao yaingizwe humo. La Bunyan likaingia. Hapo kauli ya kutendea itakufaa kweli: waliobishana naye ndio walioombea msamaha ulioingizwa jina lake.