Fundi wa Malaba Anajibu: Kunyonga baiskeli kwenye reli isiyo na treni

SWALI: Fundi, salamu kutoka Kireka. Binti yangu anaishi Bristol, Uingereza, na mwezi wa saba nakwenda kumsaidia kulea mjukuu. Ameshapanga kwamba Jumamosi moja tutaenda kwa baiskeli mpaka mji wa Bath, tukifuata reli ya zamani iliyotiwa lami. Mimi nina miaka 57. Mara ya mwisho kunyonga baiskeli nilikuwa msichana Tororo, jerikeni mbili za maji kwenye karia. Nitaweza kweli? Na una hakika treni haiji? Nyumba yangu iko karibu na reli, najua inavyotokea ghafla. La mwisho: reli yetu ya Kasese, magharibi mwa Uganda, imelala miaka yote hii, kwa nini nayo isitiwe lami tukapita?
Mama wa Kireka

JIBU: Mama, aliyebeba jerikeni mbili kwenye vumbi la Tororo haniulizi mimi kama ataweza. Utaweza. Njia hiyo naijua kidogo. Mwaka 2017 nilikwenda kumwona mdogo wangu anayefanya kazi huko, tukaipita yote siku moja, na nikatiwa adabu mahali nisipotarajia.

Treni haipendi mlima. Gurudumu la chuma juu ya chuma huteleza, kwa hiyo wajenzi wa reli walichimba vilima na kujaza mabonde hadi njia ikawa karibu tambarare. Reli ikiondoka, utambarare unabaki, na huo ndio unaokungoja. Kutoka Bristol utapanda taratibu, bila hata kusimama kwenye pedeli, mpaka Staple Hill. Baada ya hapo njia inateremka kidogo kidogo kuelekea mto Avon, na mtauvuka mto huo zaidi ya mara moja kabla ya kufika Bath. Jumla ni kilomita 21. Kwa mwendo wa mama anayeongea na bintiye, weka saa mbili, na chai juu yake.

Sasa mtego wenyewe. Sisi tuliobeba abiria mpakani tumezoea mlima: unashuka, unasukuma, ukifika juu unaachia baiskeli iteremke huku makalio yamenyanyuka na mikono imelegea. Kwenye njia ya reli hakuna mapumziko hayo. Unanyonga, unanyonga, umekaa vilevile. Nilipofika Warmley vidole viwili vya mwisho vya kila mkono vilikuwa vimekufa ganzi, na kuhusu tandiko sitaki hata kusema. Kwa hiyo kila baada ya kilomita tano shukeni, hata kama hamjachoka. Mtembee hatua hamsini, mkung'ute mikono.

Na tandiko lenyewe liinuliwe. Hapa kwetu tunakaa chini ili miguu yote miwili ifike ardhini, kwa sababu ya mzigo. Huna mzigo siku hiyo. Binti akushikie baiskeli, ukae, uweke kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa: goti linyooke. Likibaki limekunjwa, pandisha tandiko. Ukianza kunyonga utakanyaga kwa mbele ya mguu, na goti litakunjika kidogo tu, kama inavyotakiwa. Mwanzoni utajiona uko juu ya mwembe. Magoti yako yatanishukuru jioni.

Breki ndipo nilipotiwa adabu. Wewe na mimi tumekulia kwenye breki za fimbo: unakamata Malaba, baiskeli inasimama Busia. Baiskeli ya kukodi niliyopewa kule ilikuwa na breki za diski. Karibu na Fishponds mama mmoja alikuwa na mbwa upande huu wa njia, yeye upande ule, na kamba nyembamba kama uzi imekatiza lami yote. Niliiona mwishoni. Nikakamata breki ya mkono wa kulia kwa nguvu zangu zote za Malaba. Kule mkono wa kulia ni gurudumu la mbele. Nilipita juu ya usukani. Mbwa alikuja kuninusa. Waliotukodisha walikuwa wametueleza bei na saa ya kurudisha, basi, breki hawakuigusa. Kabla ya kuondoka, zunguka na baiskeli uwanjani mara tatu, ukikamata breki zote mbili kwa vidole viwili tu, polepole, mpaka mkono uzielewe.

Kaa kushoto, kama huku. Asubuhi na jioni wapo wanaokwenda kazini, na wanakwenda kasi. Kengele ikilia nyuma yako usigeuke kutazama, kwa sababu ukigeuka na usukani unageuka nawe. Wewe shika kushoto, atapita.

Treni, sasa. Reli zenyewe ziling'olewa. Treni za abiria zilikoma mwaka 1966, na kati ya 1979 na 1986 wapanda baiskeli wa Bristol, kundi lililoitwa Cyclebag, walitengeneza njia hii kipande kwa kipande, wakianzia upande wa Bath. Pale Mangotsfield utaona kuta za stesheni zimebaki bila paa, na jukwaa ambalo sasa hakuna anayeshukia. Kabla yake kuna handaki la Staple Hill, karibu nusu kilomita. Lina taa, lakini ni baridi hata mwezi wa saba, na maji yanadondoka kutoka juu. Vua miwani ya jua kabla ya kuingia. Ila nikuonye kuhusu Bitton: hapo watu wa kujitolea wamerudisha kipande cha reli na wanaendesha treni za moshi kando ya njia. Utasikia honi. Wewe mtu wa Kireka utaruka. Usiruke, treni ina njia yake na wewe una yako.

Kuhusu Kasese sikubaliani nawe, Mama. Kati ya Bristol na Bath kulikuwa na reli mbili. Moja ilikufa ikawa njia ya baiskeli, nyingine inabeba abiria mpaka leo. Reli ya Kasese ilifika 1956 ili kubeba shaba ya Kilembe, na haina pacha. Ukiitia lami umezika treni pekee ya upande ule, kisha watu wa Kamwenge wataendelea kubanana kwenye mabasi huku wewe na mimi tukipiga kengele. Na tuseme kweli, njia ya miguu juu yake watu walishaipata zamani, bila kumwomba mtu lami. Mimi nataka treni irudi kwanza. Kando yake wakiacha mita tatu za baiskeli, nitakuja kuzindua mwenyewe na baiskeli yangu ya Roadmaster.

Reli hiyo nyingine ya Bath itakufaa pia wewe. Nendeni kwa baiskeli, rudini kwa treni. Nafasi za baiskeli ndani ya mabehewa ni chache, kwa hiyo binti aulize mapema.

Mazoezi anza sasa. Usifanyie kando ya reli ya Kireka, tafadhali, wala kwenye barabara ya Jinja pamoja na malori. Jumapili alfajiri azima baiskeli ya jirani, tafuta barabara tulivu upande wa Namboole, nusu saa inatosha. Na siku ya safari vaa suruali. Baiskeli nyingi za kule hazina kifuniko cha mnyororo, na mnyororo ukishakamata kitenge hauachii mpaka uite fundi, na mimi nitakuwa Malaba.