Ruzuku ndogo za warsha za ufundishaji: ushauri kwa wahadhiri wapya

Wahadhiri wasaidizi wakishazoea ofisi, hawakawii kuulizia ruzuku ndogo za kuandaa warsha kuhusu ufundishaji wa shahada ya kwanza. Swali lao la kwanza ni zinatoka wapi. Hilo si gumu: ulizeni ofisi ya taaluma, ofisi ya utafiti na machapisho, vyama vya kitaaluma vya fani zenu, na vyuo vya nje vyenye ushirikiano na chuo chenu. Swali lenye kazi ni hili: fedha ikishatoka, darasani kitabadilika nini?

Msizichanganye fedha hizi na miradi mikubwa. HEET, mradi wa elimu ya juu Tanzania unaofadhiliwa na Benki ya Dunia kwa dola milioni 425, una majengo, mitaala na masomo ya wahadhiri ndani yake. Hizi ninazozungumzia ni za chai, nauli na karatasi. Uingereza walikuwa na utaratibu wa kuigwa: Higher Education Academy ilifanya kazi kupitia vituo 24 vya masomo, kila fani na kituo chake, kabla ya vituo hivyo kufungwa na taasisi yenyewe kuunganishwa na nyingine mwaka 2018 kuwa Advance HE. Mwalimu wa hisabati alikaa na wa hisabati wenzake. Warsha ya "kuboresha ufundishaji" kwa chuo kizima huishia kwenye hotuba, lakini wakikutana wanaofundisha uhasibu mwaka wa kwanza, kazi hufanyika.

Kwa hiyo chagueni jambo dogo. Mfano uko kwenye mitaala yenu wenyewe. Kwa utaratibu wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za mwanafunzi kujifunza, na mwaka mzima ni krediti 120. Kozi ya krediti 12 basi ni saa 120. Ondoeni saa za mihadhara na za semina, kisha mwulize mwenye kozi saa zilizobaki mwanafunzi anazitumia kufanya nini. Wengi wetu hatuna jibu. Warsha nzima inaweza kukaa hapo.

Jambo jingine ninalolipenda ni usahihishaji. Chukueni majibu matatu ya mtihani wa zamani, futeni majina na namba za usajili, toeni nakala, kila mhadhiri asahihishe peke yake, kisha alama ziandikwe ubaoni. Warsha moja tuliyoifanya Malimbe, Mwanza, jibu lile lile lilipata 9 kwa mmoja na 16 kwa mwingine, kati ya 20. Ukumbi ulichangamka. Aliyetoa 9 alikuwa amekata alama kwa Kiingereza kibovu. Wa 16 alisema mwanafunzi huyo hoja anayo, na kwenye semina angeieleza kwa Kiswahili bila kigugumizi. Hawakukubaliana, lakini kabla ya chakula cha mchana walikuwa wameandika mwongozo mmoja wa kusahihisha unaotaja wazi lugha ina alama ngapi. Hakuna mtoa mada wa kutoka mbali angetufikisha hapo.

Waleteni na wanafunzi, walau watano, si wawakilishi wa serikali ya wanafunzi peke yao. Kaeni nao baada ya watu kuzoeana. Ndio watakaowaambia kwamba kwenye kazi za makundi mmoja anaandika na wengine wanaongeza namba zao za usajili tu.

Mgeni rasmi? Kama mfadhili hajamtaka, mwacheni. Itifaki inakula saa nzima ya asubuhi, na asubuhi ndipo vichwa vinapofanya kazi.

Kwenye bajeti, wekeni fedha kwa watu kabla ya ukumbi. Darasa la chuo linatosha. Hoteli ya Capri Point ina upepo mzuri wa ziwa lakini itameza nusu ya ruzuku. Jueni pia jiografia yenu. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, mtu wa Sengerema au Geita anakuja asubuhi na kurudi jioni bila kusubiri kivuko, hivyo hana haja ya fedha za kulala. Anayetoka Bukoba kwa meli amesafiri usiku kucha, kwa hiyo angalieni ratiba ya meli kabla ya kupanga tarehe, na mpeni nafasi ya kuoga na kunywa chai kabla ya kumpa kazi. Chapeni kila kitu kwenye karatasi, maana umeme hauna ahadi.

Posho ielezwe kwenye barua ya mwaliko: nauli na chakula vipo, posho ya kikao haipo. Baadhi hawatakuja. Sioni hasara.

Mali bila daftari huisha bila habari, na mhasibu hataki habari, anataka risiti. Mama lishe wengi hawana mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi. Mkitaka chakula chake (na sato wake mara nyingi ni mtamu kuliko wa hotelini), mwulizeni mhasibu mapema malipo yaandikwe vipi, si siku ya kurejesha masurufu. Orodha ya mahudhurio yenye saini nayo hufanyika siku ile ile. Kuwatafuta watu baadaye ni mateso. Tarehe isigongane na wiki za mitihani wala wiki za kuingiza matokeo.

Kwenye andiko la kuomba ruzuku, kurasa mbili au tatu zinatosha. Anayepitia maombi anatafuta sentensi moja inayosema washiriki wataondoka na kitu gani mkononi, na nani atakitumia muhula gani. Muhula huo ukiisha, waombeni washiriki wawatumie mwongozo wa kusahihisha walioutumia kweli, muuambatishe kwenye ripoti badala ya picha za watu walioshika vyeti. Wasiotuma nao watajwe kwa idadi. Hesabu hiyo ndiyo itakayowaonyesha kama mwombe tena kwa mada ile ile au mbadilishe.