Jibu: Sielewi nani anapigana na nani kwenye ile filamu ya Kambodia

Salaam mkuu. Umesema umeishia dakika ya ishirini ya First They Killed My Father, wanajeshi wamejaa barabarani na hujui nani ni nani. Usijali, hata mimi mara ya kwanza nilikwama hapohapo nikaizima.

Kwanza angalia lugha ya sauti kwenye mipangilio. Filamu imechezwa kwa Kikhmer, lugha ya Kambodia. Ukiiwekea sauti ya Kiingereza inapoa kabisa. Rudisha sauti ya asili, usome maandishi ya chini.

Halafu acha kusubiri mtu akufafanulie. Loung, yule msichana tunayemfuata kwenye filamu, ana miaka mitano tu, na kamera mara nyingi imeshushwa kwenye kimo chake, kwa hiyo wakubwa wakinong'ona nawe unaambulia vipande. Shika haya tu: tarehe 17 Aprili 1975 Khmer Rouge, waasi wa kikomunisti wa Kambodia, waliingia mji mkuu Phnom Penh, wakawatoa watu mjini kwa kisingizio kwamba Wamarekani watapiga mabomu. Baba yake Loung alikuwa ofisa wa serikali ya rais Lon Nol, ambayo Khmer Rouge waliiangusha, ndiyo maana familia inaficha ilikotoka. Wanajeshi wanaokuja mwishoni ni wa Vietnam, wanaopigana na Khmer Rouge.

Sehemu ya kukazia macho ni watoto wanapofundishwa kufukia mabomu ya ardhini. Vidole vidogo, udongo unasawazishwa taratibu, kama wanapanda mahindi. Baadaye watu wanakimbilia msituni, na Loung anajua kilichomo humo ardhini. Mimi hapo nilisimamisha nikaenda kunywa maji.