Maswali na majibu: kipanya kinapogombana na grafu

Wiki mbili zilizopita nilieleza jinsi ya kutengeneza grafu inayokuzwa, kuburutwa na kubofywa kwa kipanya. Sikujua nimechokoza nyuki. Maswali yamekuja kutoka Nyegezi hadi Musoma, na mengi, ukiyachambua, ni lile lile moja kwa nguo tofauti. Nayajibu kadiri nafasi inavyoruhusu.

Shikamoo mwalimu. Nina kipimajoto ziwani kinachorekodi kila dakika, na nimechora data ya mwaka mzima kwa Matplotlib, ile maktaba ya kuchora grafu ya lugha ya programu ya Python. Nimeweka mstari wa wima unaofuata kipanya ili nisome joto la kila saa. Tatizo, mstari unakuja umechelewa: mkono umeshasimama, wenyewe bado unatembea. Laptopu yangu imechoka? – Mwanafunzi, Nyegezi

Marahaba. Laptopu haina kosa, unaionea tu.

Kipanya cha kawaida cha USB hutuma taarifa hadi mara 125 kwa sekunde kikiwa kinasogea. Umeiambia programu ichore grafu nzima upya kwa kila taarifa. Tuseme kuchora mara moja kunakula sehemu ya tano ya sekunde. Ukisogeza mkono kwa sekunde moja, umeipa kazi ya sekunde 25. Mifumo mingine ya madirisha huziunganisha taarifa hizo zikirundikana, mingine haikusaidii, ndiyo maana mstari wako unatembea peke yake kama mtu anayeota.

Kivuko cha Kamanga hakiondoki kwa kila abiria anayekata tiketi. Fanya vivyo hivyo. Kipokezi chako, yaani kile kipande cha programu kinachoitwa kipanya kikisogea, kifanye jambo dogo tu: kiandike mahali kishale kilipo sasa, kifute pa zamani, kiondoke. Kuchora kuwe kazi ya mwingine, na kufanyike programu ikipata nafasi. Kwenye Matplotlib badilisha `draw` iwe `draw_idle`. Hapo maombi ishirini ya kuchora yanaweza kujibiwa kwa mchoro mmoja.

Hatua ya pili ina faida kubwa zaidi. Kinachobadilika ni ule mstari wako mmoja, mihimili na data vimekaa pale pale. Basi piga picha ya grafu bila mstari, ihifadhi kwenye kumbukumbu, na kila kipanya kikisogea irudishe picha hiyo kisha chora mstari juu yake. Ukumbuke tu kupiga picha mpya dirisha likibadilishwa ukubwa au grafu ikikuzwa, la sivyo utaona mzimu wa grafu ya zamani.

Na kuna hili hukuliuliza. Dakika za mwaka ni 525,600. Kama eneo la grafu lina upana wa pikseli 900, yaani vinukta 900 vya skrini, nukta 584 zinagombania kila safu moja ya pikseli. Huwezi kuziona zote hata ukitaka. Kwa kila safu chukua joto la chini kabisa na la juu kabisa, uchore hizo mbili, jumla 1,800. Usichukue nukta moja katika kila mia, na usichukue wastani: siku upepo utakapoyachafua maji na joto likaporomoka kwa dakika kumi, wastani utakuficha jambo lenyewe unalolitafuta.

Nanunua dagaa pale Mwaloni na kuandika kilo za kila siku. Kijana wangu alinitengenezea grafu, nikibofya nukta inanionyesha tarehe. Lakini nabofya hii, inachagua ile ya mwezi mwingine! Nataka pia kufuta yale mashimo yanayojirudia kila mwezi, naona ni makosa ya kuandika. – Mama, Kirumba

Pole mama. Kijana amekosea mahali ambapo karibu kila mtu hukosea mara ya kwanza, mimi nikiwemo, kwa hiyo usimgombeze.

Kipanya hakijui kilo wala tarehe. Kinajua pikseli tu: ngapi kutoka kushoto, ngapi kutoka juu. Programu ndiyo inayotafsiri. Sasa yeye ametafsiri kwanza kisha akapima umbali, na ilipaswa kuwa kinyume. Chukua grafu yenye siku 360 kwenye pikseli 900, na kilo 9,000 kwenye urefu wa pikseli 450. Siku moja ni pikseli mbili na nusu, pikseli moja ya wima ni kilo 20. Wewe umebofya pikseli nne tu chini ya nukta unayoitaka. Kwa macho umeigusa. Kwa hesabu ya kijana uko mbali nayo kwa 80, maana ni kilo 80. Kuna nukta nyingine ya mwezi mmoja mbele, ipo usawa wa kishale chako. Hiyo iko mbali kwa 30, maana ni siku 30. Thelathini ni ndogo kuliko themanini, programu inachukua ya mwezi mwingine, nawe unaona umerogwa. Lakini kwenye skrini ile iko mbali pikseli 75!

Mwambie azigeuze nukta zote kuwa pikseli, apime umbali huko, achague iliyo karibu zaidi, na kama hata hiyo imezidi pikseli kama nane, asichague kitu. Kubofya patupu kusilete jibu. Kujumlisha siku na kilo ni kujumlisha mbuzi na masufuria.

Kuhusu mashimo, mama, wewe wa Mwaloni unajua kuliko mimi. Tazama tarehe zake kabla hujafuta. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa haiwavuti vizuri, wavuvi wengi hupumzika. Mashimo yanayokuja kila baada ya siku 29 au 30 si makosa ya kalamu. Yaache.

Nikizungusha kigurudumu cha kipanya grafu inakua, sawa, ila kile ninachokitazama kinakimbilia pembeni na kutoka nje. Nikirudisha nyuma siifikii tena grafu ya mwanzo. – Musoma

Makosa mawili hayo, yamepanda baiskeli moja.

La kwanza: unakuza kwa kushikilia katikati ya grafu. Shikilia pale kishale kilipo. Tuseme mhimili unaanzia siku 0 hadi 360, kishale kipo siku ya 300, na kila mzunguko unapunguza upana hadi mara 0.8 ya ulivyokuwa. Ukishikilia katikati, mzunguko wa kwanza unakupa 36 hadi 324, wa pili 64.8 hadi 295.2. Siku ya 300 imeshaenda zake. Njia sahihi ni kupunguza umbali wa kila upande kutoka kwenye kishale: kushoto 300 toa 300 mara 0.8, unapata 60. Kulia 300 jumlisha 60 mara 0.8, unapata 348. Siku ya 300 imebaki chini ya kishale pale pale, haijasogea hata pikseli. Kama mhimili ni wa logi (logarithimu), fanya hesabu hiyo kwenye logi za namba, si kwenye namba zenyewe, vinginevyo unaweza kupata ukingo hasi na programu ikazira.

La pili: nina hakika umeandika 0.8 kwa kukuza na 1.2 kwa kurudi. Zidisha, utapata 0.96. Kila ukienda na kurudi unapoteza kidogo, na baada ya safari kumi grafu imebaki kama theluthi mbili ya upana wake. Anayeondoka kwa 0.8 hurudi kwa 1.25.

Mwanangu, mimi ni mwalimu mstaafu. Nikiburuta grafu mkono ukapitiliza nje ya dirisha, nikaachia kitufe huko, nikirudi grafu inanifuata kila niendako. Mara nyingine inatoa maandishi mekundu na kukataa. – Sengerema

Shikamoo mzee. Programu yako inasubiri iambiwe kitufe kimeachiwa, na habari hiyo haikufika, maana uliachia mahali isipopasikia. Aliyeiandika programu asiitegemee habari hiyo peke yake. Kila kishale kikisogea, iulize: kitufe bado kimebanwa? Kama hapana, uburutaji umekwisha, hata kama hakuna aliyeaga.

Maandishi mekundu yana sababu yake. Kwenye Matplotlib, kishale kikiwa nje ya mihimili, `xdata` na `ydata` hazina namba ndani, zina `None`. Ukijaribu kutoa kitu kwenye utupu, Python inalalamika. Wakati wa kuburuta tumia pikseli, hizo zipo.

Na mkono ukitetemeka kidogo, mzee, usikubali kila kubofya kuhesabiwe kuwa kuburuta. Aweke kizingiti cha pikseli nne au tano: chini ya hapo ni kubofya, juu yake ni kuburuta. Nakiri hata mimi nilijitia aibu kwa jambo la jirani na hili. Nilikuwa naonyesha watu grafu ya kina cha ziwa, nikabonyeza kile kidude cha kukuza kwenye upau wa Matplotlib, nikachora mstatili mara kadhaa kwa mbwembwe. Grafu ikakua vizuri. Nilipomaliza nikakuta alama nyekundu zimejaa kila nilipogusa, kwa sababu kipokezi changu cha kuweka alama hakilali wakati wa kukuza. Tangu siku hiyo kila kipokezi changu huanza kwa kutazama `toolbar.mode`, inayosema kidude gani cha upau kimewashwa, na kama si tupu, kinarudi bila kufanya lolote.

Vitufe nilivyoviweka kwenye grafu vinaonekana, vikibofywa kimya. Hakuna kosa linaloonyeshwa. – Igoma

Umeviunda ndani ya funksheni na hukuvihifadhi popote. Matplotlib haivishikilii kwa nguvu. Funksheni ikiisha, Python inavifagia na picha inabaki ukutani bila mwenyewe. Viweke kwenye kigeu (variable) kinachoishi muda wote wa programu. Ni hivyo hivyo kwa kipokezi ambacho ni njia (method) ya kitu (object) ulichokiunda na kukisahau.

Gnuplot, ile programu ya kuchora grafu kwa amri: nikiiendesha kutoka kwenye faili, dirisha ama linapotea ama linabaki lakini kipanya hakifanyi kazi. – Buzuruga

Malizia faili lako kwa `pause mouse close`. Gnuplot itakaa macho mpaka ufunge dirisha. Kitufe cha kulia huanza mstatili wa kukuza, herufi `u` hurudisha, `h` hukuorodheshea mengine yote.

Ninunue kipanya cha wacheza gemu? Changu kinarukaruka juu ya grafu. – Pansiansi

Vile vinaweza kutuma taarifa 1,000 kwa sekunde. Rudi ukasome nilichomjibu wa Nyegezi, halafu fikiria mara 8 ya hapo. Meza yako ni ya kioo? Kabla hujatoa hela, weka karatasi nyeupe chini ya hicho ulichonacho.